Kila Aliyeingia Kupiga

Mchezo wa besiboli sijawahi kuuona uwanjani mpaka leo, na sina hamu nao. Lakini kuna miaka miwili ambayo ningeweza kukueleza, mchezaji kwa mchezaji, nani alipiga nini jana yake katika mji wa Marekani ambao hata kwenye ramani ningeutafuta kwa taabu. Niliyajua hayo Walthamstow, mtaa wa London, nikiwa nimekaa kwenye stuli ya jikoni, nikimsomea mzee kipofu gazeti huku uji wake wa shayiri ukipoa mezani.

Mzee mwenyewe alikuwa Mmarekani. Alikuja Uingereza na jeshi wakati wa vita, akaoa msichana wa mtaa uleule, akakataa kurudi kwao. Nilipoanza kwenda pale, mkewe alikuwa ameshafariki, watoto hawakujaliwa, na macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilitumwa na ofisi ya wahudumu wa majumbani nikae naye nusu ya kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa: kumwogesha, kumvalisha, kumpa chakula, kufua. Hapakuandikwa popote kwamba nitamsomea gazeti. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, tena bila kulainisha, maana nilikuwa na nyumba nyingine mbili za kwenda kabla ya jioni. Akanijibu kwamba basi leo haogi, muda wa kuoga nimsomee. Tulivutana wiki nzima, mwisho nikashindwa. Nikawa namwogesha mbio mbio ili gazeti lipate nafasi yake.

Lilikuwa gazeti la Wamarekani walioko Ulaya, alilokuwa akiliagiza kwa muuza magazeti wa karibu na soko. Habari za dunia hakuzitaka. Alitaka ukurasa wa michezo, na ndani ya ukurasa huo alitaka visanduku. Kila mchezo uliochezwa ulikuwa na kisanduku chake, chenye herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Majina ya wachezaji yalishuka upande wa kushoto kwa mpangilio waliopiga, na mbele ya kila jina palikuwa na namba: mara ngapi aliingia kupiga, pointi ngapi aliingiza, mapigo mangapi yalifaa. Chini yake kulikuwa na waliokosea, waliobaki kwenye vituo zamu ilipokwisha, na warushaji wa mpira na madhambi yao. Hakuna sentensi hata moja. Nilimuuliza ni raha gani anayoipata humo, mbona ni kama kusomewa orodha ya vifaa vya ghala. Akasema nisome tu, yeye anauona mchezo wote.

Na kweli alikuwa akiuona. Nikisoma namba, vidole vyake vilitembea juu ya blanketi, na mara nyingine alicheka kabla sijafika mwisho wa mstari. Baada ya vita, yeye na askari wenzake waliobaki London walikuwa wakicheza kwenye bustani za umma, na yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa matokeo, kwa sababu kupiga hakujua. Alinifundisha kusoma kisanduku kwa subira ambayo mimi, niliyekuwa mwalimu wa hesabu darasa la tano kule Voi, sikuwahi kuwa nayo kwa watoto wa watu. Alipojua kazi yangu ya zamani akaanza kuniita mwalimu. Sikumwambia, lakini nilifurahi sana. Tangu nifike Uingereza hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Nieleze na yangu, maana ndiyo yaliyokuwa yakinila.

Mwaka ule wa pili, baba yangu aliugua. Tumbo lilijaa maji, na hospitali walikuwa wakiyatoa na yanarudi. Pasipoti yangu ilikuwa Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, pamoja na maombi yangu ya kuongezewa ukaaji. Ningeweza kuiomba, lakini kuiomba kungekuwa ni kuyafuta maombi. Nikishapanda ndege ningekuwa nimeondoka moja kwa moja, na dawa zake zilitoka kwenye kazi hii hii. Kila siku nilirudi chumbani kwangu nikaangalia kwanza chini ya mlango kama kuna bahasha ya kahawia. Sikutaka kingine duniani ila barua ije kabla ya baba hajaondoka. Baba mwenyewe alikuwa mtulivu kuliko mimi. Alikuwa akiniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Aliniambia kwenye simu, "Mama, maliza mambo yako huko. Mimi sina haraka."

Simu yetu ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Nyumbani hatukuwa na simu. Walikwenda kwa jirani aliyekuwa nayo, wakajaa sebuleni kwake, nami nikapiga kutoka kwenye ujia wa nyumba niliyopanga, nyumba ya mama mmoja Mkongomani, mtu wa Bukavu. Walikuwa na mpangilio wao usiobadilika: watoto wa kaka waamkie, kisha kaka, kisha mama, na baba wa mwisho. Baba alifanya kazi reli miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu hakuacha kulisimamia shirika. Kila Jumapili aliniambia treni ya Mombasa imechelewa saa ngapi wiki hiyo, na ni nani wa kulaumiwa. Kadi yangu ya simu iliishia humo, na niliona uchungu wakati ule. Sasa ningelipa kadi mia nimsikie akilaumu.

Basi kiangazi kile timu ya mzee ilianza kufungwa. Ilifungwa siku tatu, nne, tano, na mzee naye akaanza kukataa chakula. Mwanzoni nilidhani ni deko. Nilimsema, nikamwambia watu wazima hawasusi chakula kwa ajili ya mpira. Lakini muuguzi wa wilaya alikuja akampima, akaniita pembeni akasema uzito unashuka vibaya, moyo umechoka, tujitahidi ale. Ndipo nilipofanya nilichofanya, na kwangu wakati ule halikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Kwetu mgonjwa habebeshwi habari mbaya. Hata mzima, ukiwa na msiba wa kumpa, unamkaribisha, unamuuliza kama amekula, unamuuliza yuko na nani, akishashiba na kukaa vizuri ndipo unaanza kuzunguka mbali. Bibi yangu alipofiwa na dada yake aliambiwa dada amesafiri, na alisafiri miezi miwili mizima mpaka bibi alipopata nguvu. Hakuna aliyeuita huo uongo. Ulikuwa ni utu.

Siku hiyo kisanduku kilisema timu yake imefungwa tano kwa nne. Nikasoma sita kwa tano, wameshinda. Palipokuwa na sufuri mbele ya majina mawili nikasoma moja, na kwenye zamu ya saba nikabandika pointi mbili. Vidole vya mzee vilisimama juu ya blanketi, kisha akaomba uji. Aliumaliza wote, akaomba na mkate. Nilitoka pale nikiimba.

Kesho yake nikamshindia tena, na keshokutwa. Siku ya nne nilipofungua gazeti, akainua mkono.

"Mwalimu, rudia ule wa Jumatatu."

Nikamwambia gazeti la Jumatatu nimeshalitupa. Akasema haidhuru, anazo namba zote kichwani, ni zile zile nilizompa mimi mwenyewe. Akaanza kuhesabu taratibu, vidole juu ya blanketi. Walioandikiwa kupiga ni thelathini na nne. Ongeza watatu waliopewa kituo cha kwanza bure, ongeza mmoja aliyekubali kutolewa ili mwenzake afike. Jumla thelathini na nane. Haya, upande wa pili: waliotolewa ishirini na saba, waliobaki vituoni saba, walioingiza pointi sita. Hiyo ni arobaini.

"Wawili wametoka wapi?" akauliza.

Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kukosea kujumlisha, nilihesabu upya kwa vidole, ikatoka arobaini ileile. Alieleza bila kupandisha sauti. Alisema mwandishi wa matokeo, mchezo ukiisha, hafungi daftari mpaka pande mbili zilingane, kwa sababu kila mtu aliyeingia kupiga lazima ionekane ameishia wapi. Ametolewa, au amefika, au amebaki njiani. Hakuna njia ya nne. Alijua tangu Jumatatu, akanyamaza aone nitaendelea mpaka lini.

"Na uji je?" nikamuuliza. "Mbona uliula?"

"Niliula kwa sababu nilikuona unataka sana."

Ningeona aibu nikaishia hapo, lakini mimi nina kichwa kigumu. Nilimweleza desturi yetu, nikamwambia kwamba ni huruma, na kwamba kwao hawana. Akauliza kama huyo anayefichwa huwa anafurahi. Nikamjibu kwa hasira kwamba anayefichwa hajui kama amefichwa, ndiyo maana yake. Alitikisa kichwa muda mrefu.

"Macho yameniishia," akasema. "Nina wewe tu wa kuangalia. Ukinidanganya, nitaangalia na nini?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku tatu. Nilisafisha jikoni yake siku hiyo mpaka nyuma ya jiko.

Jumapili ilipofika nilipiga simu kama kawaida. Watoto wakaniamkia, mmoja mmoja. Kaka akaja, akasema mvua imenyesha. Akaja dada yangu wa Mombasa, ambaye ni mwalimu na shule hazikuwa zimefungwa. Nikamuuliza anafanya nini Voi, akasema amekuja kuwasalimu. Akaja mdogo wangu aliyeolewa Taveta, naye amekuja kuwasalimu. Akaja na mchungaji, akaniombea, sala ndefu iliyokula nusu ya kadi. Kisha mama.

"Umekula, mwanangu?"

Nikasema nimekula. Nikamuuliza baba.

"Baba amelala. Uko na nani hapo?"

Nilikuwa nimeegemea ukuta wa ujia, na mbele yangu kulikuwa na viatu vya watoto wa mama mwenye nyumba, vimepangwa viwili viwili. Jumapili iliyopita pia baba alikuwa amelala. Ile ya kabla yake alikuwa amekwenda kuchukua dawa, siku ambayo zahanati haifungui. Na Jumapili zote hizo mama aliniuliza kama nimekula, yeye ambaye hana tabia hiyo, yeye ambaye huanza na nani ameoa na nani ameachika. Wiki tatu nilikuwa nikijibu nimekula, niko na mama mwenye nyumba, kama mtoto anayejibu maswali ya mtihani bila kusoma juu pameandikwa nini. Na treni hakuna aliyeitaja.

Nikaanza kuhesabu. Sikukusudia, mdomo wangu ulianza wenyewe. Nikasema, mama, watoto wa kaka nimewasikia wote wanne. Kaka nimemsikia. Dada ametoka Mombasa katikati ya muhula, mdogo wangu ametoka Taveta, mchungaji ameacha waumini wake. Kila mtu nimemsikia na najua yuko wapi.

"Baba yuko wapi?"

Nilisikia simu ikipokezanwa, kisha sauti ya kaka, imebadilika.

"Dada, kaa chini kwanza."

Baba alikuwa amezikwa siku kumi na tisa zilizopita. Kaka alisema walikuwa wakingoja nipate makaratasi ndipo waniambie, kwa kuwa walijua ningeacha kila kitu nije, na kurudi nisingeweza. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliyapokea yote, kisha akasema kwa upole, "Ni baba mwenyewe aliyeagiza. Alisema, mama asiambiwe."

Kadi ikaisha hapo hapo. Mama Mkongomani alinikuta nimekaa kati ya viatu. Hakuniuliza kitu, alileta bugali na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, kwenye sinia, akakaa nami sakafuni, akasema, "Kula kidogo tu, dada, utaanguka." Sikuweza kumeza. Nilikuwa na hasira na chakula chenyewe.

Nilikasirika kwa sababu walininyima kulia na wengine. Siku waliyokuwa wakimwaga udongo mimi nilikuwa Walthamstow nikimkata mtu kucha, nikitania, nikila chipsi kwenye karatasi. Nilicheka siku hiyo. Najua nilicheka, maana nilikuwa nacheka kila siku. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko kifo chenyewe, kwamba baba yangu alizikwa nami ninacheka, na hakuna aliyenizuia.

Jumatatu nilikwenda kazini kwa sababu nisingejua pa kwenda kwingine. Nilimwogesha mzee, nikamvalisha, nikafungua gazeti. Timu yake ilikuwa imefungwa kumi na moja kwa mbili. Nikasoma yote, jina kwa jina, makosa yote matatu, bila kuruka. Aliposikia nimefika mwisho aliuliza nina nini. Sauti yangu ilikuwa imelingana mno, alisema, kama ya mtu anayebeba maji yaliyojaa.

Nikamweleza. Nilidhani atasema si nilikwambia, na ningemstahimilia. Hakusema. Alisema, "Nisomee baba yako."

Sikuelewa. Akasema nimsomee kama ninavyosoma gazeti, namba tu, asiyeona anatosheka nazo. Nikaona ni upuuzi, lakini nikaanza. Reli, miaka thelathini na moja. Ajali alizoshuhudia, mbili. Mke mmoja. Nyumba alizojenga, moja, na nusu. Siku alizokosa kazi, nne, zote za mazishi. Watoto saba.

"Hao saba," akasema, vidole vikitembea. "Wameishia wapi?"

Watatu walikufa wadogo, nikamwambia. Watatu walikuwepo wakimzika.

Akangoja. Alijua nimebakiza mmoja, na mimi nilijua anajua, lakini ilichukua muda kabla sijaweza kusema.

"Mmoja alibaki njiani."

"Saba," akasema mzee. "Imelingana."

Ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu Jumapili. Yeye akanyoosha mkono kuutafuta uso wangu, akaukosa, akashika sikio, akalishikilia hilo hilo.

Kibali changu kilikuja miezi saba baadaye, bahasha ya kahawia chini ya mlango kama nilivyokuwa nikiiota. Nilikwenda Voi. Saruji ya kaburi ilikuwa imeshapasuka upande mmoja. Kabla ya kurudi London niliwakusanya ndugu zangu wote sebuleni, mama akiwepo, nikawaambia kwa ukali kwamba kuanzia siku hiyo mimi sifichwi tena. Likitokea jambo, naambiwa siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, bila kuzungushwa. Nikawaapisha kama watoto. Kaka alijaribu kutetea desturi, nikamkatiza kwamba desturi imenigharimu baba. Mama alikuwa akichambua mboga, hakuinua macho.

Mzee alifariki wakati wa baridi, msimu wa mchezo ukiwa umefungwa. Ofisi ilinipigia simu ikaniambia nisiende tena anuani ile, nikapewa anuani nyingine.

Miaka ikapita, tukaingia elfu mbili na kitu, kila mtu akawa na simu mfukoni. Asubuhi moja nilikuwa sokoni Walthamstow, karibu na meza za nguo, natafuta soksi za mwanangu. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijaweka kitu tumboni tangu jana yake. Simu ikalia, nikaona namba ya kaka, nikaipokea nikiwa nimeshika soksi kwa mkono mmoja. Kaka ni mtu wa kutunza ahadi.

"Dada, mama amefariki. Leo, saa kumi na moja alfajiri."

Hivyo tu, kama nilivyoagiza. Namba zote zilikuwepo, hakuna iliyokosekana. Muuzaji alikuwa akiniuliza kama nachukua jozi tatu au tano, watu wakinipita kulia na kushoto na mifuko yao, na mimi nimesimama pale na ukweli wangu, peke yangu, na njaa. Nikatamani kaka angeniuliza kwanza kama nimekula.